Siku Niliyopiga Marufuku Furaha ya Susu

Kuna aibu za kusahaulika na kuna hii yangu, ambayo bado inasimuliwa Kangundo na watu ambao hata hawakuwepo, wengine wakiongeza kwamba nililia (sikulia, macho yaliwasha tu), kwa hivyo nimeona afadhali niisimulie mwenyewe jinsi ilivyokuwa, ili mkicheka mcheke mambo ya kweli.

Naitwa Kyalo. Nina digrii ya biokemia niliyoipata mwaka jana, na tangu nivue lile joho sijapata kazi, ila nimepata cheo: nyumbani wananiita daktari. Aliyeanza ni Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba. Siku niliporudi na ile karatasi aliigeuza juu chini, akasema, "Haya, sasa tuko na daktari." Ningemsahihisha pale pale. Nilifungua mdomo hata. Lakini nikafikiri, nikisema mimi si daktari ataniuliza basi mimi ni nani, na nikisema biokemia ataniuliza ni kitu gani, na nikimweleza ataniuliza watu wa kitu hicho huandikwa kazi wapi, na hapo sitakuwa na jibu, basi nikafunga mdomo nikanywa chai. Ndivyo nilivyo. Mtu mwingine huona swali moja, mimi huona maswali saba yamejipanga foleni nyuma yake.

Basi majuzi Susu aliugua. Ilianza kama homa ya kifua, halafu presha ikashuka, pumzi ikawa fupi, akawa hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika njiani. Tukampeleka hospitali moja mjini Machakos (sitaitaja, wao hawana kosa lolote katika haya), wakamlaza kwenye wadi ndogo ya vitanda vinne ya wagonjwa wa kuangaliwa kwa karibu, ambayo kila mtu huiita HDU, ambako wageni huingia wawili wawili tu, kwa muda wa saa moja kila mchana. Daktari, yule wa kweli, alitukalisha akatueleza kwamba moyo wa Susu umechoka, unakaza bila nguvu, damu haisukumwi vya kutosha, na kwamba wamempa dawa ya mshipani ya kuusaidia mpaka uweze wenyewe. "Dawa hii haikatwi ghafla," alisema. "Ikikatwa ghafla presha inaweza kuanguka tumpoteze. Kwa hivyo msimkubalie akitaka kwenda nyumbani." Alisema hivyo kwa sababu Susu alikuwa ameshawauliza manesi mara mbili gari la Kangundo linaondoka saa ngapi.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili na zamu ilikuwa yangu na Aunti Kalekye, dada yake baba, mama ambaye hata akinong'ona walio barabarani husikia. Kabla ya saa ya wageni niliruhusiwa niingie kwanza peke yangu kumsalimia Susu, nikaona kando ya kitanda kile kimashine kinachosukuma sindano polepole, na kwenye sindano kuna kibandiko kilichoandikwa kwa kalamu: dopamini. Jamani, moyo wangu uliruka kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenzake ugenini. Dopamini naijua! Tuliisoma muhula mzima! Nesi wa zamu, Sista Mumbua, dada wa umri wangu hivi mwenye utulivu wa kuogofya, alikuwa akiandika vipimo, na mimi, badala ya kusema habari ya asubuhi kama binadamu, nikatikisa kichwa polepole nikasema, "Naona mmemweka dopamini."

Akanitazama. "Uko kwa hii kazi?"

"Niko karibu nayo," nikasema. (Karibu nayo! Nilikuwa karibu nayo hatua tatu, kwa kuhesabu vigae.)

Nilipotoka nje, Aunti Kalekye alikuwa kwenye benchi la korido, simu sikioni, mkono mwingine kichwani, akirudia, "Msichana? Wambua, msichana kweli? Angalia tena!" Kisha akasimama akapiga kigelegele kimoja kilichomfanya mlinzi wa getini ageuke.

Hapa lazima niwaeleze. Kwetu, msichana wa kwanza wa mtu huitwa kwa jina la mama yake baba. Sasa Susu ana wana watatu wa kiume, na baba yangu na anayemfuata walizaa wavulana tupu, tuko tisa, mimi nikiwa wa nne, na binti za Aunti Kalekye walipewa majina ya upande wa mume wake, kama inavyotakiwa. Kwa hivyo Susu, anayeitwa Ndunge, alikuwa amezeeka bila wajina. Kila mtoto akizaliwa alikuwa akija na uji na kuuliza mlangoni kabla ya kuingia, "Ni nani?" na akiambiwa ni mvulana alisema "Ni baraka," akaingia, lakini hatua yake ilikuwa imepungua urefu. Na asubuhi hiyo mke wa Uncle Wambua, yule kitinda mimba aliyechelewa kuoa, alikuwa amejifungua huko Kangundo. Ndunge mdogo alikuwa amefika.

Aunti Kalekye alikwenda mbio hadi mlango wa wadi, akashika kitasa, halafu akasimama, akanigeukia. "Daktari, ngoja. Nimwambie sasa hivi, ama moyo wake hautaweza? Wewe ndiye umesoma."

Hilo ndilo swali. Sista Mumbua alikuwa nyuma ya ule mlango, hatua kumi. Ningesema, "Aunti, sijui, tumuulize nesi." Lakini nilishasema niko karibu na kazi hiyo, na nikienda kumuuliza jambo dogo kama hilo ataniona mwongo, na akiniona mwongo atajiuliza kwa nini mwongo yuko kando ya mashine za mgonjwa, na pengine atamwita mlinzi. Basi nikavuta pumzi nikaanza kufikiri, na kufikiri kwangu ndiyo shida yenyewe.

Nilijua mambo mawili, na yote mawili ni ya kweli. La kwanza, dopamini ikiingia mshipani huufanya msuli wa moyo ukaze kwa nguvu zaidi, lakini ikizidi kipimo moyo huanza kwenda mbio na hata kukosa mpangilio. La pili, ubongo wenyewe hutengeneza dopamini mtu akipata jambo jema. Nikachukua la kwanza nikalijumlisha na la pili kama mtoto wa darasa la tatu, nikapata jasho.

"Usimwambie," nikasema.

"Usimwambie?"

"Aunti, keti." Nikamweleza. Nilimwambia moyo ni kama mkono wa mtu anayekamua ng'ombe, ukiwa dhaifu hukamua nusu na maziwa mengine yanabaki kwenye kiwele, na ile dawa inautia mkono nguvu, ukaze sawasawa. Hapo sikukosea, na hata leo nautetea mfano huo. Lakini sikunyamaza. Nikasema, "Na dawa hiyo hiyo mwili huitengeneza wenyewe mtu akifurahi. Kipimo cha hospitali kimepimwa na mashine, tone kwa tone. Furaha haina mashine. Ukimwambia habari ya mtoto utakuwa umemwongezea dawa bila ruhusa."

Aunti Kalekye akaweka mkono mdomoni. "Woi, Ngai! Ningemuua Mwaitu, mama yangu mzazi, kwa mdomo wangu."

Sijawahi kuaminiwa haraka hivyo. Ilikuwa tamu, siwafichi.

Tungeishia hapo, labda nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia. Lakini kabla sijaketi, nje ya dirisha la korido nikaona kitambaa cha bluu, kisha kingine, kisha kumi na viwili. Ni kina mama wa kanisa la Susu, wamekodi gari baada ya ibada, wamevaa sare, wamebeba chupa za uji, na mbele yao mwenyekiti wao Mama Nthenya, mama mnene mcheshi ambaye akiingia mahali hata kuku hujua. Walikuja kumwimbia, kumchekesha na kumwombea. Mimi niliona chupa kumi na mbili za dopamini zikitembea kwa miguu.

Nikatoka mbio nikawazuia kwenye veranda, nikatoa lile somo tena, safari hii kwa sauti na mikono. Wakasema aiii, wakatikisa vichwa, mmoja akauliza kama ng'ombe naye ana dopamini (nikamwambia anayo, na nikaona nimepanda cheo). Mama Nthenya akakunja uso kwa bidii ya kuelewa.

"Kwa hivyo tusimwimbie?"

"Msimwimbie, Mama."

"Na tukimsalimia tu, tukicheka kidogo?"

"Msicheke. Hata kutabasamu, afadhali muache. Ingieni wawili wawili, mshike mkono, mtoke."

"Hata wimbo mmoja wa pole pole, huku nje dirishani? Tumetoka mbali, daktari."

Nikafikiri. Wimbo wa furaha, hapana. Nikasema, "Labda ule wa huzuni."

Naapa sikujua watachagua upi. Kumbe kikundi chao kina wimbo mmoja tu wa huzuni wanaoujua wote kwa sauti zote, na ni ule wanaoimba jeneza likitolewa nyumbani.

Basi saa ya wageni ikafika. Nilisimama mlangoni kama msimamizi. Wakaingia wawili, kimya, nyuso zimeanguka, wakashika mkono wa Susu, wakainamisha vichwa, wakatoka. Wakaingia wawili wengine. Waliobaki, kule nje chini ya dirisha, wakaanza wimbo kwa sauti ya chini nzuri sana. Mmoja wa walioingia alikuwa akijizuia asitabasamu kiasi kwamba machozi yalimtoka. Nami nikaridhika, nikasema moyoni, tazama nidhamu hiyo.

Jozi ya nne ilipofika Susu aliuvuta mkono wake. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri kwa hivyo huongea kwa nguvu, na wadi nzima ikasikia.

"Kalekye! Nimekufa saa ngapi?"

Aunti Kalekye, ambaye nilikuwa nimemwonya kuhusu uso wake, akatazama sakafu. Akamaliza kabisa kazi niliyoianza.

"Nauliza kwa sababu nimewaona watu wawili wawili, na nimesikia ule wimbo. Si mnaweza kungoja kidogo? Haya. Ng'ombe apewe mkamwana wangu, mama yake Kioko, ndiye humlisha. Tangi la maji ni la Wambua. Hiyo simu yangu iko na picha za mazishi ya mzee, mtu asizifute." Akanitafuta kwa macho mlangoni. "Kyalo hana kazi. Apewe jembe, na mbuzi mmoja wa kuanzia."

Yule babu wa kitanda cha pili, aliyekuwa hajasema neno siku tatu, akacheka hadi akakohoa.

Mimi nilikuwa bado nafikiri kama kugawa mali kunaongeza dopamini au kunapunguza, nilipoona Susu ameketi, miguu inatafuta sakafu. "Nipelekeni Kangundo. Sitafia kwa watu. Nitafia kwangu." Na mkono wake wa kulia ukaenda kwenye mkono wa kushoto, kwenye plasta inayoshika mrija wa dawa, ukaanza kuibandua.

Skrini iliyo juu ya kitanda ikapiga kelele. Mapigo yaliyokuwa tisini na kitu asubuhi yalikuwa mia na thelathini. Nilisikia kichwani sauti ya yule daktari ikisema tumpoteze, tumpoteze, na miguu yangu, badala ya kwenda mbele, ikarudi nyuma hatua moja. Hiyo hatua moja ndiyo inayoniuma kuliko yote nitakayowaambia.

Sista Mumbua alifika kabla yetu sote, akauweka mkono wake juu ya ile plasta, taratibu, kama mtu anayefunika kikombe. "Susu. Ukitoa hii saa hii presha itaanguka."

"Iache ianguke. Mimi si naenda?"

"Hauendi mahali. Unapata nafuu. Asubuhi nimepunguza dawa kidogo na umeivumilia."

"Hivyo ndivyo mnaambia kila mtu."

Sista akainua macho akatuangalia: Aunti Kalekye na uso wa kaburini, mama wawili wamesimama kama nguzo, wimbo dirishani ukiwa umefika kiitikio. "Kwani ni nini inaendelea hapa? Nani amewaambia mnune?"

Wote walininyooshea vidole. Hata wa nje walioelewa kinachoulizwa walinyoosha kupitia kioo.

"Ni daktari wetu," akasema Aunti Kalekye.

"Daktari?"

"Wa biokemia," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Na kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kujificha nikamweleza hesabu yangu, upande wa lile sikio la Susu lisilosikia, kipimo cha sindano jumlisha furaha ya mtoto wa Uncle Wambua. Alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake yakiwa kwa Susu, mkono wake haujabanduka.

"Hii ya sindano inashika moyo moja kwa moja," akasema, bila kupandisha sauti. "Inafanya kalisiamu iingie kwa wingi kwenye seli za msuli, msuli ukaze. Haivuki kuingia ubongoni, na ile ya ubongoni inafanya kazi yake huko huko, haishuki kuongeza kipimo changu. Moyo ukienda mbio kwa sababu ya habari, ni adrenalini. Na unajua kitu inaleta adrenalini kuliko mtoto kuzaliwa?" Akaonyesha skrini kwa kidevu. "Kuona watu wamekuja kukuzika."

Mia na thelathini na nne.

"Habari kubwa ungeniuliza, tungemwambia pole pole akiwa ametulia, mimi nikiwa hapa. Sasa mwambie."

"Mimi?"

"Kwani ni nani alimficha?"

"Uka vaa," akasema Susu, njoo hapa, na akanigeuzia sikio la kulia. Nikainama nikanong'ona, akasema sema kama mwanamume, basi nikapaza sauti, na wimbo wa nje ukanyamaza wakati huo huo, kwa hivyo Machakos nzima ikanisikia nikisema, "Susu, hufi! Mimi ndiye niliwaambia wasicheke kwa sababu nilifikiri furaha itakuua! Na mimi si daktari! Na Uncle Wambua amepata msichana!"

Hakuamini. Aunti akamwonyesha picha kwenye simu, Susu akaisukuma. "Huyo ni mtoto wa mtu. Mnanifariji." Ikabidi Uncle Wambua apigiwe kwa video, mtandao ukakataa, ukakubali, akaonekana pua tu, halafu dari, halafu kitu kidogo chekundu kilichofunikwa blanketi kikilia kwa hasira kubwa.

"Wambua," Susu akasema. "Huyo anaitwa nani?"

"Mwaitu, kwani ataitwa nani mwingine? Ni Ndunge."

Susu aliisogeza simu karibu na macho. Miguu yake, iliyokuwa ikining'inia, ikarudi kitandani mmoja baada ya mwingine bila mtu kumsaidia. Hatukumwangalia yeye, sote tuliangalia skrini, hata yule babu. Mia na ishirini na sita. Mia na kumi na tisa. Sista Mumbua akabandika plasta mpya. Ilipofika mia na nne Susu alifuta macho kwa shuka, akasema, "Mwambie mama yake asimfunge sana, anapenda kupumua huyo," kana kwamba wamefahamiana miaka mingi. Kisha akanigeukia. "Kwa hivyo wewe ulikuwa unanificha jina langu?"

"Nilikuwa nakulinda, Susu."

"Aa. Mwaka huu usinilinde tena."

Mama Nthenya, ambaye alikuwa ameingia bila ruhusa ya mtu, akaangua kicheko kilichozuiwa tangu veranda, na kikawaambukiza wote. Wakamwomba Sista wimbo mmoja, wa furaha, wa pole pole. Akasema mmoja, nje, dakika tatu. Waliimba nyimbo sita. Sikuhesabu dakika, nilikuwa nimejificha chooni.

Susu alikaa siku nne zaidi, na dawa ikapunguzwa kidogo kidogo hadi moyo ukabaki unakaza wenyewe. Siku hizo zote kila mgeni aliyeingia alisimuliwa kisa changu kabla hajaketi. Siku ya mwisho nilijikaza nikaenda kwenye meza ya Sista Mumbua, nikasimama kama mtoto aliyetumwa, nikasema, "Sista, sijui. Hii dawa huwa mnajua vipi ni wakati wa kuipunguza?" Nilitarajia anicheke. Akavuta karatasi ya vipimo, akanionyesha presha, mkojo, mapigo, akaniambia kila kimoja kinawaambia nini, akauliza kama nimeelewa, akarudi kuandika. Ilichukua dakika mbili. Nilirudi kwenye benchi nikakaa na hizo dakika mbili, nikafikiri, yaani ni hizi tu? Ni hizi ndizo nilizomkosesha Susu, nikaona afadhali akina mama kumi na wawili wamzike?

Kwa hivyo nimeapa, na nyinyi mashahidi: nikiulizwa jambo nisilolijua nitasema sijui, papo hapo, kabla akili haijaanza kupanga foleni. Najizoeza kila siku. Juzi Aunti Kalekye aliniuliza ni saa ngapi, nikamwambia sijui kwa hakika, Aunti, ngoja tuulize mtu. Akaniangalia usoni, akaiangalia saa iliyokuwa mkononi mwangu, akaenda zake.